Ua Lenye Rangi ya Ajabu Si Lazima Liwe Aina Mpya

Malalamiko yanayofika kwenye kitengo chetu cha afya ya mimea siku hizi yanafanana. Mtu amenunua mche kwa sababu ua lake lina michirizi ya pekee, akaambiwa ni aina mpya, kisha msimu uliofuata mmea ukadumaa.

Mara nyingi ua hilo linaumwa. Virusi, bakteria au kuvu vikiingia, mmea hutengeneza kemikali za kujikinga kama asidi ya salisili, na kemikali za rangi na harufu huvurugika. Virusi vya tulipu, ua la bustani linaloota kutoka kwenye kitunguu, huenezwa na vidukari na huzuia anthosianini, yaani rangi nyekundu na zambarau, zisienee sawasawa kwenye petali. Tulipu zenye michirizi hiyo ndizo zilizogombaniwa na wanunuzi Uholanzi hadi bei zake zikaporomoka mwaka 1637. Tangu Dorothy Cayley, mtafiti wa kuvu wa Uingereza, aonyeshe mwaka 1928 kwamba hali hiyo huambukiza, hakuna sababu ya mtu kuendelea kuizalisha kwa makusudi! Ipo michirizi ya kurithi, nakiri, lakini jicho haliwezi kuitofautisha kwa uhakika.

Wengine hutujibu: "Nyuki wanalipenda, kwa hiyo ni zima." Hapana. Mtufaha wenye bakteria wa mnyauko-moto hutoa maua yenye harufu iliyobadilika, na nyuki huyaepuka. Lakini nyanya yenye virusi vya batobato ya tango hutoa harufu inayowavuta zaidi nyuki wakubwa wenye manyoya. Nyuki si mkaguzi.

Ukishuku ugonjwa, piga picha kabla ya kukata. Chukua ua lenye dalili pamoja na majani yake, na jingine lisilo na dalili. Funga kila moja peke yake kwa karatasi, usitumie nailoni, maana unyevu huozesha sampuli. Andika jina la mmea, tarehe na mahali. Futa mkasi kwa spiriti kabla ya kugusa mmea mwingine. Usikate vipando hadi majibu yatoke.

Anayevusha miche mpakani akumbuke kwamba cheti cha afya ya mimea, chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kulinda Mimea wa 1951, hutolewa na mamlaka ya nchi inakotoka mizigo. Karatasi ya muuzaji si cheti. Shehena isiyotimiza masharti inaweza kuzuiwa, kurudishwa au kuteketezwa, na adhabu nyingine hutegemea sheria ya nchi husika.

Petali zikigeuka kijani na kufanana na majani, huenda ni fitoplasma, yaani bakteria wanaoishi ndani ya mirija ya mmea. Mmea huo hauna dawa ya kuuponya. Ung'oe na uuteketeze.