Kwa nini foo wili hunywa mafuta zaidi

Foo wili ni gari ambayo injini yake inaweza kupeleka nguvu kwenye mipira yote minne. Gari ya kawaida husukumwa na miwili tu, mingine inafuata.

Wengi hudhani mafuta yanaliwa na ile mipira minne inayovuta. Sivyo hasa. Kazi ya kuisogeza gari ni ile ile, igawanywe kwa miwili au minne. Yanakoishia ni kwenye chuma cha katikati: transifa kesi nyuma ya gia boksi (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma), propela shafti ya pili (chuma kirefu kinachopeleka nguvu hiyo), difu ya pili (gia zinazoigawa kwa mpira wa kushoto na wa kulia) na shafti zake. Vyote hivyo huongeza takriban kilo 60 hadi 100, kama abiria asiyeshuka. Tena gia za difu husagana ndani ya oili nzito, 80W-90 mara nyingi, na kuikoroga oili hiyo ni kazi ya injini. Chukua gari mbili za aina moja na injini moja, moja foo wili na nyingine siyo: tofauti ya ulaji huwa kama asilimia 5 hadi 10. Zaidi ya hapo lawama ni ya mipira mipana yenye meno, keria juu ya paa na kimo cha gari, hasa ukipita kilomita 80 kwa saa.

RAV4 za foo wili zilizojaa Unguja hazina kirungu cha transifa, yaani mkono wa kuchagua miwili au minne. Mfumo hujigawia nguvu wenyewe, na shafti ya nyuma inazunguka hata pale lami tupu. Hapo dereva hana la kupunguza, ila kuhakikisha mipira yote minne ni ya saizi moja na imelika sawasawa.

Hilux na Land Cruiser za zamani ni habari nyingine. Zina kirungu chenye 2H (mipira miwili inavuta), 4H (minne, mwendo wa kawaida) na 4L (minne, gia nzito ya polepole), na nyingi zina habu za mbele za kuzungusha kwa mkono, vifungo vya katikati ya mpira vinavyouunganisha na shafti yake. Mtu hufunga habu kuvuka mchanga wa Makunduchi, akarudi mjini, akazisahau wiki nzima. Hata akiwa 2H, mipira ya mbele inazungusha shafti na difu bure. Rudisha habu kwenye FREE. Na ule upepo wa mipira ulioupunguza hadi 18 au 20 PSI (kipimo cha upepo) ili kuvuka mchanga, ujaze tena kufuata kibandiko cha mlango wa dereva. Mpira laini hula mafuta kuliko hizo shafti.

4L ni ya kupandia kilima cha udongo Pemba wakati wa masika, si ya safari: kwa mwendo ule ule na gia ile ile injini huzunguka kama mara 2 hadi 2.5 ya ilivyo kwenye 4H.

Kosa baya ni 4H kwenye lami kavu. Kwenye kona mipira ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, lakini transifa imezifunga shafti zizunguke sawa. Mchangani mpira huteleza kidogo na mkazo ukaisha. Lami haitoi nafasi hiyo. Usukani unakuwa mzito, gari inarukaruka, mafuta yanakwenda, na kirungu kinagoma kutoka. Usikilazimishe. Nyoosha usukani, rudi nyuma mita chache polepole, kitatoka.