Hapana, sindano ya 0.2 haitakupa mkono mwepesi

Jumamosi kijana mmoja alinifikia hapa Himbi, Goma, amekumbatia boksi kama mtu aliyebeba mayai. "Yaya, nimeipata! Ya 0.2!" Yaani tundu la kutokea rangi la milimita 0.2. Ndani mlikuwa na aerografu, ile kalamu ya kupulizia rangi kwa upepo, ya Kichina inayong'aa, na kikompresa cha chaji (pampu ya upepo) kinachofungwa chini ya mshikio, hakina tangi. Tukamimina rangi nyeusi. Ikatoa mstari mzuri kwa muda wa kuhesabu hadi kumi, halafu tss, tss, halafu kimya. Tukasafisha. Tss, kimya tena. Jioni ilipofika alikuwa ananiuliza kama kuna ya 0.15.

Huyo ni wa nne mwaka huu. Naandika ili wa tano asome kabla hajatoa dola zake.

Imani yenyewe mnaijua. Sanamu tunazopaka rangi ni ndogo, askari wa milimita 28 au chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, yenye urefu wa kidole, basi na tundu liwe dogo. Inaingia akilini kabisa, ndiyo maana inaudhi. Nami niliiamini, nikanunua ya 0.2, na kwa miezi kadhaa nilidhani tatizo ni mkono wangu.

Sindano ni koni inayoziba tundu. Ukivuta kitufe kidogo, inarudi nyuma kidogo, na tundu la 0.4 linaachia upenyo mwembamba tu. Kwa hiyo mstari unaupata kwa namna unavyovuta kitufe, kwa nguvu ya upepo, kwa umbali wako na sanamu, na kwa jinsi rangi ilivyo nyepesi. Namba iliyochongwa kwenye sindano inakuja nyuma ya hayo yote. Weka upepo wa bar 1, sogea hadi sentimita 1 hivi, vuta kitufe kama unamfunika mtoto aliyelala: 0.4 itakupa mstari usiofika milimita 1. Nilimchorea huyo kijana mmoja kwenye ukucha wa dole gumba. Aliutazama, akaomba nirudie, huenda alidhani nimebahatisha.

Sasa upande wa pili. Upepo unapita kwenye ncha ya sindano muda wote unapopuliza, na akriliki, rangi yetu ya maji, inakauka pale pale nchani. Kidonge kinaanza kukua. Kwenye 0.4 ni usumbufu: unapitisha brashi yenye maji, unaendelea. Kwenye 0.2 kidonge kile kile ni kizibo. Kwa hiyo unaongeza maji, rangi inakuwa nyepesi mno, inatambaa kwenye sanamu kama buibui. Unapunguza upepo, inatema matone. Unaongeza upepo, inakauka upesi zaidi. Mwanzoni hujui kosa liko wapi kati ya hayo, na hapo ndipo watu wanaweka aerografu juu ya kabati. Na rangi ya msingi, ile ya kwanza kabisa, ni nzito kuliko zote. Kuipitisha kwenye 0.2 ni kutafuta ugomvi.

Kuna na kidomo chenyewe, kile chenye tundu. Kwenye hizi za bei rahisi kinafungwa kwa uzi, na ni kidogo kama punje ya mtama. Kaza kwa hasira mara moja, kinakatika na uzi wake unabaki ndani. Hapa Goma kukipata kingine ni kumsubiri mtu anayetoka Kampala, umwombe asisahau, na atasahau.

Watengenezaji wenyewe hawamwanzishi mtu huko. Badger Patriot 105 inatoka na 0.5. Iwata Neo CN inatoka na 0.35. Sisemi ununue hizo, nasema tazama namba walizochagua. Chukua ya Kichina ya 0.3 au 0.4, yenye kikombe juu, na kitufe kinachobonyezwa kwa upepo na kuvutwa kwa rangi. Inatosha.

Halafu, wewe unataka kuifanyia nini? Rangi ya msingi, rangi za maeneo makubwa, vivuli, na mwanga wa juu: sanamu yote nyeusi, kisha nyeupe kidogo kutoka upande wa utosi, na mikunjo ya nguo inajitokeza yenyewe. Hiyo ndiyo raha ya aerografu. Macho ya askari wa milimita 28 ni kazi ya brashi. Tukubaliane hapo tuendelee.

Wanasema rangi iwe "kama maziwa". Maziwa gani, bwana? Ya Masisi yaliyokamuliwa asubuhi, au ya unga, yale ya mwisho wa mwezi yenye maji mengi kuliko unga? Mimi naiweka kikombeni, naipandisha ukutani kwa brashi, naiacha ishuke. Ikishuka na kuacha utando mwembamba wenye rangi, puliza. Ikigoma kushuka, ongeza maji tone moja. Ikishuka bila kuacha kitu, umezidisha. Nitakuwa mkweli: kuna siku kipimo hicho hicho, chupa ile ile, inagoma tu. Nimeshalaumu joto, nimeshalaumu urefu wa mji wetu, mita 1,500 na kitu, hewa nyepesi. Inawezekana. Inawezekana pia kwamba sikutikisa chupa vizuri.

Fedha sasa. Kama una dola 100, kubwa yake iende kwenye kompresa yenye tangi, hata la lita 3. Bila tangi upepo unakuja kwa mapigo ya pistoni, na mapigo hayo utayaona kwenye mstari. Zile ndogo za kawaida zinajizima kwenye bar 4 na kuwaka tena kwenye bar 3. Usidhani tangi ni akiba ya umeme ukikatika: lita 3 kutoka bar 4 hadi bar 1 ni lita 9 za hewa, yaani kama dakika moja ya kupuliza. Inatosha kumaliza bega moja la askari na kulaani. Hakikisha ina kichungi cha maji, maana pembeni ya ziwa hewa ina unyevu, na tone moja la maji katikati ya uso uliokwisha kulainika linauma.

Fundi wa friji atakuambia anaweza kukutengenezea kompresa kwa mota ya friji ya zamani. Ni kweli, nami ninayo, haipigi kelele hata majirani wakiwa wamelala. Lakini inatema mafuta kidogo kidogo, inahitaji kichungi cha pili, na tangi lake lazima liwe na valvu ya usalama. Mtungi wowote wa kuokota, hapana. Na mimi mwenyewe siiachi ikiwaka nikaenda kula.

Tina ya wapaka magari usiitie humo. Inavimbisha mipira ya ndani. Vaa barakoa yenye vichungi, hata kwa akriliki. Ukipaka vanishi funga dirisha la upande wa barabara, vumbi letu jeusi la volkano linaonekana vizuri sana kwenye vanishi mbichi.

Yule kijana nilimwazima yangu ya 0.4 na kompresa kwa alasiri nzima. Alipaka chukudu tatu na mizigo yake ya makaa. Ya kwanza ilitambaa, ya pili ilikauka kama mchanga, ya tatu aliondoka nayo mfukoni bila kuniaga vizuri. Boksi lake la 0.2 bado liko kwangu. Langu la zamani la 0.2 nalo lipo, ila sindano ilipinda mwaka uliofuata. Sasa naitumia kuzibulia chupa ya gundi.