Je, wajua kwa nini Wasovieti, yaani watu wa Muungano wa Kisovieti, walipanga foleni hata wakiwa na pesa?

Moscow ya miaka ya 1970, mtu alipoikuta foleni aliuliza kwanza, "Nani wa mwisho?" Akishajua yuko nyuma ya nani, ndipo aliuliza kinachouzwa. Mkobani alikuwa na mfuko wa nyavu uliokunjwa, maana huenda siku hiyo yakaletwa machungwa, au viatu. Pesa alikuwa nazo, na bei ilipangwa na serikali, nafuu kabisa. Bidhaa ndiyo iliyokosekana.

Mchumi wa Hungaria, János Kornai, alieleza kiini cha tatizo katika kitabu cha mwaka 1980. Kiwanda cha serikali hakifilisiki. Kikipata hasara, serikali hukifidia. Basi meneja hana haja ya kubembeleza wateja. Kinachomnyima usingizi ni malighafi ya kutimizia mpango wa uzalishaji aliopewa na serikali, kwa hiyo huagiza kupita mahitaji na kulimbikiza ghalani. Viwanda vyote vikifanya hivyo, uhaba unazaa uhaba.

Wanaanthropolojia walitaka kujua zaidi: watu waliishije humo? Huko Romania, ambako mtawala Ceaușescu aliuza chakula nje ili alipe madeni ya nchi, Katherine Verdery aliona kwamba kwenye foleni serikali ilikuwa ikiwanyang'anya watu muda wao.

Warusi nao walikuwa na blat, yaani kujuana. Muuza nyama alimwekea daktari wa meno mnofu mzuri chini ya kaunta. Naye daktari, siku mtoto wa muuza nyama akiumwa jino, alimwona bila kumsubirisha. Ole wako uiite rushwa! Mtafiti Alena Ledeneva, aliyewahoji Warusi juu ya jambo hili, alikuta kichekesho: blat ilikuwa ya watu wengine, lakini msimulizi mwenyewe alikuwa "akisaidia rafiki" tu. Nadhani walisema kweli kwa kiasi fulani, kwa kuwa urafiki wenyewe ulikuwa wa dhati, na nyama ikapita humo humo.

Januari 1992 serikali ya Urusi ikaacha kupanga bei nyingi, ikaziachia soko. Bidhaa zikarudi madukani, huku mfumuko wa bei ukila akiba ambazo watu walikuwa wameziweka kwa miaka. Sasa pesa ndiyo ikawa adimu. Kujuana hakukufa, ila watu waliacha kutumia kujuana huko kusaka soseji, wakaanza kusakia kazi, mikopo na vibali vya biashara, na huko rafiki asiye na cheo wala mtaji hakuwa na la kusaidia.