Mileji ndogo haiondoi sevisi

"Fundi, hili gari halijatembea. Angalia tu juujuu." Ninakagua magari Kisumu kabla hayajauzwa, na maneno hayo nayasikia kwa kila mwenye Axio au Latio iliyotunzwa. Yamenichosha.

Gari lisilotembea huzeeka hapo hapo lilipoegeshwa. Oili huharibika kwa muda, si kwa kilomita peke yake. Ndiyo maana kitabu cha gari hutaja kilomita na miezi, kitakachotangulia. Na wengi wenu safari zenu ni Milimani hadi mjini na kurudi. Injini haipati moto wa kutosha kukausha unyevu ulioingia kwenye oili, hivyo vijisafari hivyo huichosha kuliko kwenda Busia. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu. Mimi huyabadilisha kila baada ya miaka miwili, hata kama gari huenda kanisani tu.

Tairi ndizo hunikera zaidi. Mwenye gari ananionyesha meno ya tairi, bado marefu. Mimi nainama kusoma tarakimu nne mwishoni mwa namba ya DOT, ile iliyochapwa ubavuni mwa tairi: 2315, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2015. Ubavuni mpira umeshafanya nyufa nyembamba. Mnunuzi makini huziona kabla hajafungua mlango, na bei inaanza kushuka hapo.

Tena, mnunuzi haiamini namba ya dashibodi, na ana haki, kwa sababu mileji hurudishwa nyuma. Atakachoamini ni risiti za sevisi zenye tarehe, kilomita zikipanda kwa mfuatano, na pedali ambazo hazijalika kupita namba hiyo. Tafuta risiti hizo kabla hujapiga hata picha moja ya tangazo.

Wengine huosha injini ing'ae. Acha! Fundi wa mnunuzi atashuku unaficha mvujo wa oili. Futa vumbi, inatosha.

Halafu kuna wanaodhani ukishalipwa na kutoa ufunguo, mambo yamekwisha. Sheria ya Trafiki humchukulia aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari hadi ithibitishwe vinginevyo. Likigonga mtu Ahero, utakayetafutwa ni wewe. Andikianeni mkataba, na pesa zikishaingia anzisha uhamisho wa umiliki kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, siku hiyo hiyo. Mnunuzi akisema atashughulikia akifika Kakamega, mwambie hapana. Kama hana akaunti, aifungue mbele yako ufunguo ukiwa bado mfukoni mwako.