Mazingira ya makazi na afya ya moyo: maana yake kwa nyumba ya Tabora

Neno mazingira limetokana na kuzingira, yaani kuzunguka pande zote. Wataalamu wa moyo wanapotaja "mazingira ya makazi" hawakusudii miti na mito peke yake. Wanakusudia kila kinachomzunguka mtu pale anapopika, anapolala na anapopita kwenda sokoni: hewa ya jikoni, joto la bati, kelele za usiku, kivuli, barabara. Vyote hivyo hugusa moyo na mishipa ya damu, hata kwa asiyevuta sigara. Mgonjwa wa presha anayeambiwa apunguze chumvi, kisha akarudi kukaa saa tatu penye moshi, amepewa nusu tu ya ushauri.

Kwa Tabora tuanze na huo moshi, kwa sababu ndio mzigo mkubwa na ndio unaoweza kupunguzwa nyumbani kwa mikono yetu wenyewe.

Ukuni unapoungua hutoa chembe laini mno. Zinazotia hofu zaidi zina upana usiozidi mikromita 2.5, wakati unywele mmoja una kama mikromita 50 hadi 70. Pua na koo haviwezi kuzizuia. Huteremka mpaka kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, na zile ndogo kabisa huingia kwenye damu. Mwili hupambana nazo kama unavyopambana na kidonda: kuta za mishipa huwaka kwa ndani, hukakamaa, presha hupanda na damu huganda upesi. Miaka ikipita, mafuta hujijenga kwenye kuta hizo na njia husonga. Mshipa wa moyo ukiziba, huo ni mshtuko wa moyo. Wa ubongo ukiziba, ni kiharusi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, na zaidi ya nusu ya vifo hivyo vilitokana na ugonjwa wa moyo na kiharusi. Wengi wetu tumezoea kuuhesabu moshi kuwa tatizo la macho na kifua tu.

Mkaa hudanganya. Hautoi moshi mwingi, lakini hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania chembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Damu ikikosa oksijeni, moyo hulazimika kusukuma kwa kasi, na moyo uliokwisha kuchoka hushindwa. Hatari huzidi Juni na Julai, usiku wa baridi, jiko linapoingizwa chumbani na mlango kufungwa. Kichwa kikiuma, kizunguzungu na kichefuchefu vikiwapata watu wawili au watatu kwa pamoja, msitafute dawa ya malaria kwanza. Tokeni nje.

Urambo, Kaliua na Sikonge kuna jambo la ziada: tumbaku. Kwenye bani la kukaushia, joto hupita ndani ya mabomba na moshi hutakiwa kutokea nje. Bomba likitoboka, moshi hujaa bani, na anayechochea kuni usiku kucha huuvuta wote. Kagueni mabomba kabla ya msimu, na jengeni bani mahali ambapo upepo hautapeleka moshi kwenye nyumba. Majani mabichi nayo, hasa yenye umande, hupenyeza nikotini kwenye ngozi, na nikotini huongeza mapigo ya moyo na presha. Vaeni glavu na mikono mirefu, na msiyatundike kwenye chumba cha kulala.

Kupunguza moshi kunaanzia kwenye kuni. Ukuni mbichi hutumia moto mwingi kuchemsha maji yaliyomo ndani yake, hivyo moto hupoa na mti hauungui vizuri. Pasueni kuni ziwe nyembamba, zipangeni juu ya magogo zisiguse ardhi, chini ya paa, zipigwe na upepo kiangazi chote. Jikoni kuwe na matundu mawili: la chini la kuingiza hewa na la juu, karibu na paa, la kutoa moshi, maana moshi wa moto hupanda. Jiko banifu huokoa kuni, jambo jema kwa miombo yetu, lakini lisipokuwa na bomba linalopita juu ya paa, moshi hubaki palepale. Bomba lenyewe lisiposafishwa masizi, moshi hurudi ndani. Maharage yakilowekwa usiku kucha na sufuria ikafunikwa, muda wa kukaa motoni hupungua sana.

Gesi na umeme ndiyo nafuu ya kweli kwa moyo, na mkakati wa taifa wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi. Kosa la kawaida ni kuchemshia chai kwenye gesi na kuacha makande kwenye mafiga. Saa nyingi za moshi ziko kwenye makande.

Joto la Septemba na Oktoba hudai kazi nyingine. Moyo husukuma damu nyingi kwenye ngozi ili mwili upoe, jasho hupunguza maji, damu huwa nzito. Wazee na wanaotumia vidonge vya kutoa maji mwilini huathirika kwanza. Wasiache dawa, wamuulize daktari kipimo cha msimu huo. Chini ya bati wekeni dari. Pandeni mwembe mvua za Novemba zikianza, upande wa magharibi, mita 8 hivi kutoka ukutani, kwa kuwa jua la alasiri ndilo linalochoma ukuta. Tabora inajulikana kwa miembe tangu enzi za misafara. Chini ya kivuli chake mtu hutembea bila kuona adha, na WHO linashauri walau dakika 150 za mwendo wa haraka kwa wiki.

Kelele za baa au mashine usiku huamsha homoni za wasiwasi hata kwa aliyelala, na presha isiposhuka usingizini moyo haupumziki. Kitanda kihamishiwe chumba cha upande wa pili.

Presha ipimwe baada ya kuketi kimya dakika 5, mgongo umeegemea na mkono uko usawa wa moyo, bila kahawa wala sigara katika nusu saa iliyotangulia. Ikisoma 140/90 au zaidi kwa siku mbili tofauti, nenda kituo cha afya, na ukifika mwambie mhudumu unapikia nini na wapi.