Cheti cha Paka na Dhana Nyingine Potofu Kuhusu Mtaalamu wa Lishe

Mwaka 2004 paka mmoja aliyekwisha kufa alipata cheti cha uanachama katika chama cha washauri wa lishe cha Marekani. Paka huyo aliitwa Henrietta. Mwenye paka, Ben Goldacre, daktari na mwandishi wa Uingereza, aliomba uanachama kwa jina la paka, akalipa dola 60, cheti kikaja. Hakuna aliyeuliza Henrietta alisoma wapi. Wala kama yu hai.

Nami hucheka kila nikikikumbuka kisa hiki, lakini kuna jambo ndani yake ambalo wengi hulipita. Cheti kile hakikuwa cha kughushi. Chama kilikuwepo na jina liliandikwa vizuri. Anayekwenda kwa mtaalamu wa lishe akaishia kutazama cheti kilichotundikwa ukutani hana namna ya kumtofautisha msomi na paka. Swali linalowatofautisha ni hili: huyu akinikosea, nani ana mamlaka ya kumwita ajieleze? Dhana nyingi nitakazozitaja hapa huota pale swali hilo lisipoulizwa.

"Anayejiita mtaalamu wa lishe lazima awe amesomea"

Inategemea mko nchi gani. Uingereza, jina la mtaalamu wa lishe tiba, yaani yule anayeshughulikia lishe ya wagonjwa, linalindwa na sheria. Anayelitumia bila kusajiliwa na Health and Care Professions Council, chombo cha kusimamia taaluma za afya, anatenda kosa. Lakini jina la jumla, mtaalamu wa lishe, halina ulinzi huo. Mwalimu wa mazoezi aliyehudhuria kozi ya wikendi moja anaweza kulibandika mlangoni na asiguswe. Australia hakuna hata moja kati ya majina hayo mawili lililofungwa na sheria. Chama cha taaluma ndicho kinachotoa alama yake kwa waliotimiza masharti. Kenya ilitunga sheria mwaka 2007 ikaunda taasisi ya kuwasajili na kuwapa leseni watu wa makundi yote mawili. Marekani nako, tangu Januari 2024, anayetaka kufanya mtihani wa kusajiliwa kuwa mtaalamu wa lishe tiba sharti kwanza awe na shahada ya uzamili.

Jina lile lile, basi, lina uzito huku na ni maneno matupu kule. Ndiyo maana nasema uanze kwa kujua sheria ya mahali ulipo, kisha ulitafute daftari la usajili wewe mwenyewe. Usikubali kutumiwa picha ya leseni kwenye simu ukaridhika. Picha haisemi kama leseni imekwisha muda, kama imesimamishwa, au kama ni ya mtu mwingine mwenye jina linalofanana. Madaftari mengi siku hizi yako mtandaoni: unaandika jina au namba ya usajili, na dakika mbili hazipiti umepata jibu. Usipoliona jina, mwulize mhusika kwa upole. Huenda amesajiliwa kwa jina la ukoo la zamani. Akianza kukasirika, hilo nalo ni jibu.

Kusajiliwa hakumfanyi mtu kuwa hodari, hilo nakubali. Wapo waliosajiliwa ambao singempeleka adui yangu kwao. Ila aliyesajiliwa ana kitu cha kupoteza, na asiye na cha kupoteza anaweza kukuambia lolote.

"Daktari anatosha, lishe ni sehemu ya udaktari"

Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliviuliza vyuo vya udaktari vya Marekani vinafundisha lishe kwa muda gani. Wastani ulikuwa saa 19.6, kwa muda wote wa masomo ya udaktari. Daktari mwema anajua hivyo, ndiyo maana hukupa rufaa. Na ukiona "Dkt." mbele ya jina la mshauri wa lishe, uliza ni udaktari wa nini. Uzamivu wa historia ni kazi ya heshima kubwa, lakini haumfundishi mtu kusoma majibu ya figo.

"Mwili wake mwenyewe ndio ushahidi"

Mganga hajigangi, walisema wahenga, na hapa walisema kweli. Wembamba unaweza kuwa wa kurithi, unaweza kuwa wa ujana, unaweza hata kuwa wa ugonjwa. Unene nao una sababu zake, zikiwemo dawa. Kinachotakiwa kwa mtaalamu ni kuujua mwili wako, na huo haufanani na wake. Nimewahi kumsikia mtu akimkataa mtaalamu mwenye shahada mbili kwa sababu ya kitambi, akamwendea kijana mwenye misuli ambaye ushauri wake wote ulikuwa "kula kama mimi".

Picha za kabla na baada ziko katika kapu hilo hilo. Hata tukiacha mwanga na pozi, tatizo ni kwamba hazionyeshi ya tatu: ile ya miaka miwili baadaye. Wengi waliopungua haraka hurudisha uzito, na hakuna anayewaita tena wapigwe picha.

"Mtaalamu hodari anakupa mpango wa mlo siku ile ile"

Hapa ndipo ningependa msomaji akae kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu huumia.

Mama mdogo wangu ana shinikizo la damu, na figo zake zimeanza kuchoka. Aliambiwa kuna mshauri wa lishe mzuri, akaenda. Alipimwa uzito na urefu, na baada ya dakika kumi akatoka na karatasi nne zilizochapwa kwa rangi, za kupendeza kweli. Moja ya maagizo ilikuwa aache chumvi ya kawaida atumie chumvi mbadala. Nikamuuliza, "Mama, ulimwambia dawa unazotumia?" Akanitazama kama aliyekumbuka mlango alioacha wazi. "Mwanangu, hata hakuniuliza nameza nini."

Chumvi mbadala nyingi hutengenezwa kwa kloridi ya potasiamu. Kwa mtu mwenye figo nzima inaweza kumsaidia kushusha presha. Figo dhaifu hushindwa kuitoa potasiamu iliyozidi, na baadhi ya dawa za presha huifanya ibaki mwilini zaidi. Ikizidi katika damu, inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, hata kuyasimamisha. Ushauri ulikuwa sahihi, ila si kwa mtu yule.

Mifano ya namna hiyo ni mingi. Anayetumia warfarin ili damu isigande hahitaji kukatazwa mboga za majani. Anachohitaji ni kula kiasi kisichoyumbayumba, kwa sababu vitamini K iliyomo hupingana na dawa, na kipimo cha dawa hupangwa kufuata mlo wake. Mwenye kisukari anayejidunga insulini akipunguza wanga ghafla bila dawa kurekebishwa, sukari yake inaweza kuanguka akazimia. Mtu aliyekaa na njaa muda mrefu akilishwa kwa wingi siku ya kwanza anaweza kufa, kwa kuwa fosfati na madini mengine huporomoka katika damu. Yote haya yanajulikana kwa kuuliza.

Ziara ya kwanza iliyofanywa sawasawa kwa hiyo ni maswali tu, na mara nyingi huchukua karibu saa nzima. Umeugua nini, unatumia dawa gani, hata zile za mitishamba. Nani anapika nyumbani. Jana ulikula nini tangu ulipoamka mpaka ulipolala. Unalala saa ngapi, uzito ulikuwaje mwaka jana, umewahi kujitapisha baada ya kula. Majibu ya maabara yako wapi. Ndipo atakapotaja tatizo, apange nawe hatua chache, aweke siku ya kurudi ili apime kama zimefanya kazi. Nawe usimfiche: mficha uchi hazai. Ukimwambia hunywi pombe kumbe wanywa, mpango atakaoutoa utakuwa wa mtu mwingine.

"Vipimo vingi ndio utaalamu"

Kuna kipimo cha damu kinachouzwa sana, kinachokurudishia orodha ndefu ya vyakula ambavyo eti mwili wako unavikataa. Kinapima kingamwili za IgG, aina moja ya protini ambazo kinga ya mwili huzitengeneza. Mwaka 2008 kikosi kazi cha wataalamu wa mzio wa Ulaya kilieleza kwamba kingamwili za aina hiyo zinaonyesha tu kuwa umeshakutana na chakula hicho, na hakikupendekeza kipimo hicho kitumike kutambua mzio au kutovumilia chakula. Kwa maneno mengine, unalipia orodha ya vitu unavyokula. Mzio wa kweli hupimwa kwa njia nyingine, na hauanzi na karatasi bali na historia yako. Usomaji wa nywele, mboni ya jicho au "mitetemo" ya mwili siuongezei neno.

"Virutubishi vya nyongeza havidhuru, ni vitamini tu"

Mwaka 1994 yalitoka matokeo ya utafiti wa Finland uliohusu wanaume wavutaji sigara 29,133. Watafiti walitarajia kwamba vidonge vya beta-karotini, kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, vingewakinga na saratani ya mapafu. Waliovimeza waliipata kwa asilimia 18 zaidi ya wasiovimeza. Mjamzito anayezidisha vitamini A ya aina ya retinoli anahatarisha viungo vya mtoto aliye tumboni. Vitamini B6 ikizidi kwa muda mrefu huharibu neva. Kitu kikiwa na nguvu ya kuponya, nguvu ya kudhuru hakikuiacha nyumbani.

Hii haimaanishi kwamba mtaalamu anayekuandikia kidonge ni tapeli. Asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku kabla ya mimba na katika wiki zake za mwanzo, ina ushahidi mzito. Asiyekula kabisa chochote kitokanacho na wanyama anahitaji vitamini B12. Tazama mkondo wa fedha. Kama anayekupima ndiye anayekuuzia, na kila anayeingia mlangoni anatoka na kopo la chapa ile ile, basi dukani mwake maradhi yamepangwa kufuata bidhaa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwulize waziwazi: "Je, unapata kamisheni hapa?" Mwaminifu atakuambia ndiyo au hapana, na atakuambia pia mahali pengine unapoweza kukinunua.

"Wiki mbili bila matokeo, hafai"

Mwaka 2002 Marekani ilichapisha utafiti wa kuzuia kisukari uliowahusisha watu 3,234 waliokuwa hatarini. Kundi lililofundishwa kubadili mlo na kufanya mazoezi lilipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58, likalipita kundi lililopewa dawa ya metformin, ambalo lilipunguza kwa asilimia 31. Lengo la uzito walilopewa lilikuwa dogo kiasi cha kuchekesha: asilimia 7 ya uzito wa mtu. Mtu wa kilo 90 apunguze kilo 6 na kidogo. Na mafunzo yalikuwa vipindi 16 vilivyotawanywa katika wiki 24. Hebu weka hilo kando ya tangazo la kilo kumi kwa siku kumi.

Mwendo wa nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki ndio unaotajwa kwa kawaida. Anayekuahidi zaidi anakuuzia maji uliyoyapoteza, au misuli.

"Kumhoji ni kumkosea heshima"

Dhana hii naielewa, maana wengi tulilelewa kumsikiliza mwenye koti jeupe tukiwa tumeinamisha kichwa. Lakini heshima haizuii swali. Umesajiliwa wapi, kwa namba gani? Umewahi kuhudumia watu wenye ugonjwa kama wangu? Ushauri huu umetoka wapi? Nisipoona nafuu tutafanya nini? Sikiliza zaidi namna anavyojibu kuliko anachojibu. Mimi nikimsikia mtaalamu akisema "hilo silijui vizuri, ngoja niangalie", imani yangu kwake hupanda. Anayejua kila kitu, anayetibu kila ugonjwa, na anayekwambia uache dawa za hospitali kabla hajazungumza na aliyekuandikia, huyo muage ukiwa bado na nguvu za kutembea.

Mama mdogo hatimaye alikwenda kwa mwingine, dada mmoja kijana ambaye jina lake tulilikuta kwenye daftari la usajili. Neno lake la kwanza baada ya salamu lilikuwa, "Mama, umekuja na dawa zako?" Akazimwaga mezani, dada akasoma pakiti moja baada ya nyingine, akatazama majibu ya potasiamu, akauliza ni ya lini. Kisha akasema, "Suala la dawa si langu kuligusa. Nitamwandikia daktari wako leo." Mama mdogo akarudi nyumbani bila karatasi ya mlo, na alinuna njia nzima. Karatasi ilikuja ziara ya pili: ukurasa mmoja, umeandikwa kwa mkono.