Je, wajua kwa nini chumvi huishinda sukari mbio ndani ya maji?

Kwenye kibanda cha chai kule Katwe, Kampala, mteja aliyesahau kukoroga hulijua kosa lake mwishoni mwa kikombe: juu alikunywa chai isiyo na ladha, chini anakutana na uji wa sukari. Sukari imeyeyuka, ila haijasafiri.

Chembe iliyoyeyuka haina safari iliyopanga. Molekuli za maji huigonga kutoka kila upande, matrilioni ya mara kwa sekunde, nayo huyumba kama abiria aliyebanwa katikati ya Old Taxi Park, kituo cha teksi cha Kampala. Kwa kuyumba huko, chembe huhama polepole kutoka zilikojaa kwenda ziliko chache. Huo ndio msambao.

Mwaka 1905 Albert Einstein, na William Sutherland aliyekuwa Australia, kila mmoja kivyake, walionyesha kinachoamua kasi yake. Joto huchochea, mnato wa kimiminika (yaani uzito wake wa kutiririka, kama asali) na upana wa chembe huzuia. Chembe yenye upana maradufu husambaa kwa nusu ya kasi.

Nasema upana, si uzito, na hapo wengi hukosea. Himoglobini, ile inayoipa damu wekundu, ina uzito wa takriban mara 190 wa molekuli ya sukari, lakini inaachwa nyuma mara 7 au 8 tu. Fikiria tikiti maji: likiwa na uzito mara 8 ya jingine, upana wake umeongezeka mara 2 tu.

Sasa tupige hesabu. Katika maji yaliyotulia kabisa, kwenye nyuzi 25, chumvi, ambayo chembe zake ni ndogo kuliko za sukari, huchukua kama saa 9 kusogea sentimita 1. Sukari kama saa 27. Himoglobini zaidi ya wiki. Tena ukiongeza umbali mara mbili, muda huongezeka mara nne, kwa hiyo kikombe chenye kina cha sentimita 8 kingeitaka sukari zaidi ya miezi miwili! Bahati nzuri chai ya moto hujizungusha yenyewe, na kwenye nyuzi 80 mnato wa maji hushuka hadi karibu theluthi ya ule wa nyuzi 20. Hata hivyo, usiache kijiko.

Kuna jambo moja linaloonekana kupinga haya yote. Ioni (chembe yenye chaji ya umeme) ya lithiamu ni ndogo kuliko ya potasiamu, lakini katika maji husambaa kwa karibu nusu ya kasi yake. Siri ni kwamba udogo wake huifanya ivute molekuli za maji kwa nguvu na kuzing'ang'ania, ikatembea nazo. Umewahi kuona baiskeli iliyofungwa mikungu ya matoke ikielekea sokoni? Barabarani huipimi kwa upana wa usukani. Unapisha mzigo wote.